Mtoto akionewa shuleni, mwalimu afanye nini? Maswali ya wazazi na walimu wa Dar es Salaam

Nimekuwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa malezi, katika shule za msingi za serikali upande wa Temeke. Maswali haya sikuyatunga. Huwa ninaulizwa kwenye kikao cha wazazi, getini zamu zinapopishana, na mara nyingine dukani ninaponunua vocha: "Mwalimu, samahani, nina neno moja." Neno lenyewe huwa hili.

Uonevu ni nini hasa? Si watoto wanataniana tu?

Swali hili hunijia kuliko yote, na halishangazi, maana sisi ni watu wa utani. Mzaramo anamtania Mnyamwezi hata msibani, Mchaga na Mpare hawaishiwi maneno, na Jumatatu baada ya mechi ya Simba na Yanga hakuna ofisi ya walimu iliyo kimya. Lakini wewe unayejua utani unajua pia sharti lake: unakwenda na kurudi. Nikikutania, nawe una ruhusa ya kunitania, na wote wawili tunacheka. Mtu asiyekuwa mtani wako ukimtania hivyo, umemtukana.

Basi mtazame anayetaniwa. Anacheka? Anaweza kujibu? Kesho itakuwa zamu ya mwingine, au ni yeye tena? Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Bergen, Norwe, na aliyeanza kuuchunguza uonevu shuleni tangu miaka ya 1970, alitaja mambo matatu: unakusudiwa, unarudiwa, na kati ya wawili hao mmoja ana nguvu kuliko mwenzake. Nguvu si misuli peke yake. Mtoto mdogo wa darasa la nne mwenye marafiki sita nyuma yake anaweza kumtesa jitu la darasa la saba.

Watoto wawili wa kimo kimoja wakigombania mpira hadi wakarushiana ngumi, huo ni ugomvi. Unaamuliwa siku hiyohiyo na kesho wanacheza pamoja. Uonevu ni ule ambao mtoto akiamka asubuhi anajua unamsubiri.

Hutokea wapi zaidi?

Pale ambapo hakuna mtu mzima. Kwa shule zetu za mjini, hiyo ina maana ya foleni ya choo, nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko, mbele ya meza za mama wauza kachori na ubuyu nje ya geti, na njia ya kwenda nyumbani. Shule zenye zamu mbili zina saa yake ya hatari: mchana, zamu ya asubuhi inapotoka na ya mchana inaingia. Mamia ya watoto wako getini, walimu wa zamu moja wanakusanya madaftari, wa zamu nyingine hawajafika.

Na darasani pia, msidhani hapana. Kiwango cha taifa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliofurika ni wengi kuliko vyumba, na katika kata nyingi za Dar mwalimu anasimama mbele ya watoto zaidi ya mia moja. Ukiwa unaandika ubaoni, dawati la nyuma lina serikali yake.

Mwanangu hasemi kitu. Nitajuaje?

Usisubiri aseme. Watoto wa hapa wanajifunza mapema kwamba anayesema ni "mnoko", na hilo jina linauma kuliko kofi.

Tazama hela. Mtoto unayempa ya kutumia shuleni anarudi na njaa kali kila siku, au ghafla anaomba ya ziada, au unakuta sarafu zimepungua kwenye kopo. Mara nyingi kuna mkubwa anayekusanya ushuru. Tazama vifaa: penseli mpya tatu kwa wiki, begi limekatwa mkanda, fulana ya michezo "imepotea". Tazama Jumapili jioni: tumbo linauma, Jumamosi halikuuma. Tazama mtoto aliyekwishaacha kukojoa kitandani ameanza tena.

Ukimuuliza "Kuna mtu anakuonea?" atasema hapana. Muulize mambo madogo mkiwa mnafanya kazi nyingine, mnachambua mchele au mnafua: Leo mapumziko ulikaa na nani? Unapita njia gani siku hizi? Mtoto aliyebadilisha njia ya kwenda shule bila sababu ana sababu.

Mimi ni mwalimu. Mtoto amekuja kuniambia. Nianzie wapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliharibu.

Mwaka wangu wa pili kazini alinijia mtoto wa darasa la tatu, analia, akaniambia kuna wavulana watatu wa la sita wanamvua viatu kila siku na kuvitupa juu ya bati la choo. Nilikasirika kweli. Asubuhi yake, mstarini, nikawaita wale watatu mbele, nikamwita na yule mtoto, nikamwambia aonyeshe kwa kidole. Akaonyesha, huku anatetemeka. Wale wakaadhibiwa. Nikajiona nimefanya kazi. Kwa wiki mbili zilizofuata shule nzima ilimwita "Kidole". Hakurudi tena kuniambia kitu chochote, na mwisho wa muhula mama yake akamhamisha.

Nilichojifunza ni kwamba kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuhakikisha kusema hakumgharimu mtoto. Akisema na mambo yakawa mabaya zaidi, hatasema tena, na wenzake waliokuwa wanatazama hawatasema kamwe.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Namsikiliza mahali ambapo kumuona akiongea nami si jambo la ajabu: namtuma chaki ofisini, au namwambia anisaidie kubeba madaftari. Simkatizi. Simuulizi "Na wewe ulifanya nini?" hata kama natamani. Nauliza nani, wapi, saa ngapi, nani mwingine alikuwepo, na mara ngapi. Kisha namuuliza swali ambalo walimu wengi wanalisahau: unaogopa nini kitatokea nikilishughulikia? Majibu yake ndiyo yanayonipa mpango. Akisema "Watanisubiri darajani," basi kabla sijamgusa yeyote, nimeshapanga atapita darajani na nani.

Simwahidi kwamba sitamwambia mtu. Namwambia ukweli: nitamwambia mwalimu mkuu na mwalimu wa malezi, basi. Nikishamdanganya mara moja sina tena la kumwambia.

Naandika. Tarehe, mahali, majina, maneno yaliyosemwa. Daftari la matukio linaonekana kama kazi ya karani, lakini siku mzazi wa mtoto mwingine anapokuja juu akidai mwanawe kasingiziwa, daftari lenye matukio matano ya tarehe tano tofauti linamtuliza kuliko sauti yangu.

Kisha najionea mwenyewe. Sitegemei neno la mtoto tu kuwakamata. Nasimama pale chooni saa ile aliyoitaja. Nikiwakuta, nimewakuta mimi. Hakuna aliyesema.

Halafu narudi kwake. Siku ya tatu, na tena baada ya wiki mbili. Hii ndiyo sehemu tunayoiruka wote, kwa sababu mitihani ya majaribio imefika, kuna semina, kuna takwimu za kujaza. Uonevu hausimami siku ya adhabu. Hunyamaza kidogo, ukatazama kama mwalimu amesahau.

Kwa nini usimchape tu huyo mwonevu yaishe?

Kwanza sheria. Kanuni za viboko zilizorekebishwa mwaka 2002 zinampa mamlaka mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi 4, msichana hachapwi na mwalimu wa kiume akiwepo wa kike, na kila adhabu inaandikwa kitabuni. Mwalimu anayekata fimbo ya mwarobaini na kuanza kutembeza yuko nje ya kanuni, hata kama hasira yake ni ya haki.

Pili, haifanyi kazi. Najua wenzangu wengi hawakubaliani nami na tumebishana sana chai ya saa nne. Lakini mtoto anayewapiga wadogo tayari anaamini kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Ukimchapa umemthibitishia. Tena atajua nani kamponza, na deni hilo atalilipa njiani.

Kinachofanya kazi ni vitu vya kuchosha. Namwita peke yake, nje ya kundi lake, kwa sababu wakiwa watatu kila mmoja ni shujaa. Namwambia nilichokiona. Anarudisha alichochukua: kama alikula hela ya mwenzake, mzazi wake anaijua na inarudi. Namhamisha dawati. Anapoteza mapumziko yake kwa siku kadhaa, anakaa karibu na mwalimu wa zamu. Na kila siku ananiona namtazama.

Je, kuwaita wote wawili wapeane mikono na kusameheana?

Kwa ugomvi, ndiyo. Kwa uonevu, hapana, angalau si mwanzoni. Unamlazimisha aliyeumizwa amshike mkono aliyemuumiza, mbele ya watu, na aseme yamekwisha ilhali anajua hayajakwisha. Nimeona mkono ukiminywa katika kupeana huko na mwalimu akitabasamu. Kama watapatana, iwe baadaye, aliyeonewa akitaka mwenyewe.

Hao wengine wanaosimama na kutazama, tuwafanyeje?

Hao ndio ufunguo. Mwonevu bila watazamaji anachoka haraka. Wafini wana mpango wa shule ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Turku uitwao KiVa; jina ni kifupi cha maneno yao yanayomaanisha dhidi ya uonevu, na neno hilohilo kwa Kifini ni kitu kizuri cha kufurahisha. Wao hawashughuliki na mwonevu na mwonewa peke yao, wanalifundisha darasa zima wanaotazama wafanye nini.

Shuleni kwetu hatuna vitabu vyao wala hatuvihitaji ili kuanza. Katika kipindi cha maadili nawaambia watoto: sikuombi ukapigane. Usicheke. Ondoka pale. Kisha mfuate yule mwenzio umwambie, "Twende tukacheze." Hayo matatu mtoto wa darasa la pili anayaweza. Tunaigiza kabisa, kwa zamu, na wanapenda kuliko somo lenyewe.

Nawaeleza pia tofauti ya kusemea na kuomba msaada. Kusemea ni kutaka mwenzio aadhibiwe: "Mwalimu, Fulani hajachomekea!" Kuomba msaada ni kutaka mtu aache kuumizwa. Wanaielewa mara moja. Wakubwa ndio tunaichanganya.

Na kama mwonevu ni kiranja?

Hutokea sana. Tunampa mtoto wa miaka kumi na miwili fimbo na daftari la wapiga kelele, kisha tunakwenda kunywa chai. Jina linafutwa kwa shilingi mia au kwa andazi. Msiwape viranja fimbo. Na orodha ya wapiga kelele isiwe hati ya kuadhibu mtu.

Nimwambie mwanangu arudishe? Baba yake anasema akipigwa tena bila kurudisha, atampiga yeye.

Mama, namwelewa baba. Anaogopa mtoto atakuwa mnyonge. Lakini fikiria mtoto huyo: shuleni anapigwa kwa sababu ni mdogo, nyumbani atapigwa kwa sababu kapigwa. Matokeo yake ni kwamba ataacha kuwaambia ninyi pia.

Kumwambia arudishe kunadhani nguvu ni sawa, na zingekuwa sawa pasingekuwa na uonevu. Mfundisheni asimame wima, aseme kwa sauti "Niache!" na aondoke kuelekea kwenye watu. Sauti kubwa inavuta macho, na mwonevu hapendi macho ya wakubwa.

Na tafadhali, usije shuleni kumkamata mtoto wa mwenzio getini. Nimewahi kumshika mzazi mkono ukiwa hewani tayari. Kesi iligeuka siku hiyo, na mtoto wake aliyekuwa ameonewa miezi mitatu akawa ndiye mtoto wa mama mkorofi.

Watoto gani huonewa zaidi?

Waliotofautiana na wengine kwa kitu kinachoonekana au kusikika. Mjini hapa, mgeni kutoka mkoani: akisema "ndizi mbiri" au "karamu" badala ya kalamu, darasa zima linaangua kicheko, na hanyanyui mkono tena hadi mwaka uishe. Mwalimu anayecheka pamoja nao amelifunga domo la mtoto huyo. Mimi huwa nawauliza waliocheka wanaongea lugha ngapi. Mgeni huwa ana mbili.

Wasichana wa darasa la tano hadi la saba wanapovunja ungo huzomewa kwa doa la sketi. Hapa mwalimu wa kike awe na kitambaa, taulo za kike na sketi ya akiba kwenye kabati, na awe amezungumza na wavulana pia kabla jambo halijatokea.

Watoto wenye ualbino na wenye ulemavu wanabeba zaidi ya kejeli. Jina kama "zeruzeru" si utani. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za kishirikina, ni tishio. Likitamkwa darasani lisipite. Anayeketi mbele kwa sababu ya uoni hafifu aketi mbele bila kuombewa radhi, na kofia yake isichezewe mpira. Dar tuna shule kama Uhuru Mchanganyiko pale Ilala, ambako watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine husoma kwenye uwanja mmoja na wenzao. Kuchanganyika kunawezekana, ila kunataka mtu mzima awepo mapumziko.

Anaonewa njiani au kwenye daladala. Shule inahusika?

Inahusika, kwa sababu kesho wote wawili watakuwa darasani kwangu. Nachofanya ni kuunganisha watoto wa njia moja: wa Mtoni hadi Azizi Ally pamoja, wa Mbagala pamoja, na mmoja mkubwa mwenye moyo awe mbele. Wa daladala tunawapeleka kituoni kwa kundi, maana makondakta wengine wanawaacha wanafunzi wanaosimama wachache, na mtoto anayebaki peke yake kituoni ndiye anayewindwa. Mama lishe wa kituoni ni walinzi wazuri kuliko tunavyodhani. Nenda msalimie, muonyeshe mwanao.

Na kama anayemwonea ni mwalimu?

Kumwita mtoto "bonge", "kilaza" au "wewe wa kwenye vibanda" mbele ya darasa ni uonevu wenye ruhusa, na wenzake watalichukua jina hilo hadi barabarani. Mzazi, zungumza na mwalimu huyo kwanza kwa adabu, faragha. Asipobadilika, mwone mwalimu mkuu.

Shule haichukui hatua. Niende wapi?

Panda ngazi, na uache maandishi kila unapopita: mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi, mwalimu mkuu. Kisha Kamati ya Shule, ambayo ina wawakilishi wa wazazi. Kisha Afisa Elimu Kata. Juu yake kuna halmashauri, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, na huko kuna maafisa ustawi wa jamii ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imewapa kazi ya kumlinda mtoto. Sheria hiyohiyo inamtaka mtu yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Jirani naye yumo.

Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto. Haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Yapo mambo yasiyopanda ngazi. Mtoto akiumizwa vibaya, akitishwa kwa kisu, au akiguswa sehemu za siri, hospitali kwanza, kisha kituo cha polisi, uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, upate na PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Usikubali kikao cha kumalizana. Aliyefanya hivyo akiwa chini ya miaka 10 hashtakiwi kwa jinai, lakini bado ustawi wa jamii wanahitaji kujua, kwa sababu mtoto wa miaka minane anayejua mambo hayo kuna mahali aliyaona.

Nimhamishe shule?

Wakati mwingine ndiyo. Lakini muulize yeye kwanza, na usifanye kimyakimya: mwambie mwalimu mkuu sababu, iandikwe. Vinginevyo kiti chake kitajazwa na atakayefuata.

Nimeitwa shuleni. Mwanangu ndiye mwonevu.

Kaa, baba. Umekuja, na wengi hawaji. Usimvue mkanda leo usiku. Namwona hapa kila siku na nina swali langu: nyumbani, mkubwa akimkasirikia mdogo hufanyaje? Kuna kaka anayemfanyia hivi hivi? Anakula mchana? Mtoto mmoja niliyemshughulikia mwaka mzima alikuwa akinyang'anya wenzake mihogo kwa sababu kwao hakukuwa na chakula hadi usiku. Tulipomwandikia uji wa shule, unyang'anyi ukapungua, ubabe ukabaki kidogo, na huo tukaendelea nao.

Kila Ijumaa nitakuandikia mistari miwili kwenye daftari lake. Jumatatu uirudishe na sahihi.